Bahasha Niliyoifunga kwa Mkono Wangu

Kwa waliokosa gazeti la wiki iliyopita nitafupisha, maana hata mimi mwenyewe sipendi kuyakumbuka yote.

Mimi ni dobi. Nina mtoto mmoja wa kiume, mtaa mzima unamwita Mlingoti kwa sababu ya urefu wake, na ana miaka kumi na sita. Jumatano alikutwa shuleni na misokoto miwili ya bangi kwenye mfuko wa koti la sare. Akasimamishwa masomo palepale. Nikaitwa. Nikaenda mbio na ndala za kazini miguuni, na mbele ya mwalimu mkuu na mwalimu wa nidhamu nikaapa kwamba kitu kama hicho hakijawahi kuvuka kizingiti cha nyumba yangu. Nikaongeza kwamba aliyempa mwanangu uchafu ule nikimpata nitamfua bila sabuni, nimkamue, nimwanike juani.

Ndipo mwalimu wa nidhamu alipovuta droo ili anionyeshe ushahidi.

Haya, sasa endeleeni kunicheka.

Ushahidi ulikuwa ndani ya bahasha. Bahasha ndogo ya kaki, imebanwa kwa pini mbili za stepla, na mbele imegongwa muhuri wa buluu: KIMEKUTWA MFUKONI. KIMERUDI KAMA KILIVYOKUWA. ASANTE KWA KUTUAMINI.

Maneno yale niliyatunga mimi. Nilibishana na mchonga mihuri asubuhi nzima kwa sababu yeye alitaka aweke na ua.

"Mama, unaifahamu bahasha hii?" mwalimu wa nidhamu akauliza.

Mdomo uliokuwa ukiapa ukakauka ghafla.

"Naifahamu."

"Ni ya dukani kwako?"

"Ni ya dukani kwangu."

"Basi hapo ndipo tulipokwama. Mwanao anasema aliiba bahasha tupu kwako, akagonga muhuri, akatia vitu vyake. Sasa mama, mimi nimefundisha miaka mingi. Mtoto anayevuta huvificha kwenye soksi. Mtoto anayevifunga vizuri, akavibana na stepla na kuviwekea muhuri, huyo havuti. Huyo anauza."

Niliomba maji ya kunywa. Nikayanywa yote. Nikaomba mengine.

Mwalimu mkuu, mama mpole asiyependa makelele, akaniambia kwa sauti ya chini: "Bodi ya shule inakaa Ijumaa saa nne. Kama ni kuvuta, upo utaratibu wa kumsaidia na kumrudisha. Kama ni kuuza, ni kufukuzwa. Na kwa barua ya kufukuzwa, sijui shule gani itampokea."

Nikasema asante, nikaondoka. Sikusema kitu kingine. Wapo mtakaoniuliza kwa nini sikusema. Ni kwa sababu kichwani mwangu palikuwa na jambo linapanda polepole, na nilikuwa naliomba lisifike juu.

Lilinifikia nikiwa njiani, mbele ya duka la viatu. Nikasimama katikati ya watu nikashika kichwa kwa mikono miwili.

Ngojeni niwaeleze kazi yangu, la sivyo mtanihukumu vibaya. Mnihukumu, lakini vizuri.

Kazi hii nilifundishwa na shangazi yangu. Siku ya kwanza, kabla hajanionyesha hata ndoo, aliniambia hivi: "Dobi ana macho na mikono. Mdomo aache nyumbani." Kila nguo inayoingia lazima mifuko yake ipekuliwe, kwa sababu kalamu moja ikisahaulika humo huharibu mashati kumi. Unachokikuta unakitia kwenye bahasha, unabana, unagonga muhuri, unakirudisha mfukoni nguo ikishapigwa pasi. Huulizi. Husemi. Hata mwenye nguo akija kuichukua, unamtazama usoni na kumwambia karibu tena.

Nimeshakuta meno ya bandia. Nimekuta barua za mapenzi ambazo mwandiko wake haukuwa wa mke wala wa mume. Nimekuta majibu ya hospitali, pete zilizovuliwa, na mara moja mjusi aliye hai, naye nilimtobolea bahasha matundu ya kupumulia. Vyote vilirudi. Ndiyo maana wateja wangu hawanihami hata siku moja, ijapokuwa dobi wa kona ana mashine mpya inayoimba ikimaliza.

Sasa mkono uliofanya kazi hiyo miaka ishirini na miwili haumsubiri tena mwenye mkono. Unakwenda wenyewe. Mimi huku naongea, mkono kule unapekua, unatia, unabana, unagonga.

Jumamosi ile nguo za nyumbani nilizichanganya na za wateja kama kawaida. Nilikuwa nabishana na Fundi Pasi, mzee anayenipigia pasi tangu nifungue duka, kuhusu doa la kutu. Yeye anasema ndimu na chumvi. Mimi nasema ndimu peke yake, chumvi inakula kitambaa. Tulibishana saa nzima na kila mtu alishinda. Na katika ubishi huo, koti la sare la mwanangu lilipita mikononi mwangu, na mimi mama yake mzazi, niliyemnyonyesha, nikaitoa bangi mfukoni mwake, nikaitia kwenye bahasha, nikaibana kwa pini mbili, nikamshukuru kwa kutuamini, nikairudisha mfukoni.

Mtauliza, na pua je? Pua ya dobi ilikwisha kufa zamani. Kati ya dawa za madoa na sabuni za unga, mimi hata wali ukiungua nyumbani huambiwa na majirani.

Nilifika dukani nikamvuta Fundi Pasi pembeni, nikamweleza.

"Bosi," akasema, "una maana ulimrudishia?"

"Nilimrudishia."

"Na stepla?"

"Mbili."

"Na muhuri?"

"Fundi, nimekwambia nilimrudishia!"

Mzee yule alicheka mpaka akajishikilia kwenye meza. Alicheka hadi tukasikia harufu, yaani yeye akaisikia, na kumbe pasi ilikuwa imelala juu ya suruali nyeupe ya mwalimu wa muziki. Alama ya pasi ilibaki pale makalioni, nzima, pamoja na matundu ya mvuke.

"Acha kucheka," nikamwambia. "Mwanangu anafukuzwa shule."

Akaacha. Akafuta macho. "Basi nenda kaseme ukweli, bosi. Hiyo ndiyo dawa ya doa hilo. Na wala si ndimu."

Mlingoti nilikuwa nimemtanguliza nyumbani kutoka shuleni, na adhabu ya kuanika nguo kila siku hadi bodi ikae. Kwa urefu wake hahitaji kuvuta kamba chini. Nilimkuta uani, katikati ya mashuka, miguu tu inaonekana.

"Wewe," nikamwita. "Kwa nini umewaambia walimu uliiba bahasha?"

Miguu ikatulia.

"Ningewaambia nini, mama? Kwamba mama yangu ndiye aliyenifungia?"

Nikaingia kati ya mashuka, tukatazamana.

"Kwa hiyo ulijua ni mimi."

"Mwandiko wa stepla naujua. Wewe unabana mbili upande mmoja, Fundi Pasi anabana moja katikati." Akabana shuka kwa kibanio. "Ila mama, kwa nini ulinifanyia vile? Ungenichapa tu."

"Vile vipi?"

"Siku nne nzima! Jumamosi jioni nachukua koti langu, nakuta bahasha. Nikasema leo nimekwisha. Nikaja mezani, ukanipakulia chakula. Nikasema anasubiri nishibe. Nikashiba, ukaniambia nikaoge. Jumapili kutwa unaimba. Jumatatu asubuhi ukanishonea kifungo, ukaniambia siku njema mwanangu. Mama, uliniua. Sikulala. Chakula hakikupita."

"Ndiyo maana nilikupa dawa ya minyoo."

"Nikajua hiyo ndiyo adhabu inaanza."

Jamani, nilicheka. Najua si mahali pa kucheka, mtoto amekutwa na bangi, bodi inakaa kesho kutwa. Lakini nilimkumbuka alivyokuwa akiimeza ile dawa Jumatatu jioni, ananitazama juu ya bilauri kama mtu anayekunywa sumu kwa amri ya mfalme, na mimi nikimwambia meza yote, nzuri hiyo, itatoa kila kitu. Nilicheka nikashika shuka la mteja nikafutia machozi.

Yeye hakucheka.

"Mwanangu," nikasema nilipopata pumzi, "mimi sikujua. Mkono ulifanya wenyewe. Sikuona nilichokuwa nakifunga."

Nilitegemea atafurahi kwamba hakuna mtego aliokuwa ametegewa. Badala yake uso ukamshuka.

"Hukujua?"

"Sikujua kabisa."

"Mimi nilidhani ulijua, halafu ukaniachia mwenyewe niamue." Akavuta pindo la shuka, akalinyoosha ijapokuwa lilikuwa limenyooka. "Nilidhani umeniamini."

Hilo liliniuma. Liliniuma kuliko bangi yenyewe, na siwafichi. Siku nne mwanangu alikuwa amekaa na mama aliyemwamini, na mama huyo hakuwepo. Alikuwepo mwanamke anayebishana juu ya kutu.

Nikageuza ndoo, nikaikalia. Nikamuuliza niliyopaswa kumuuliza zamani.

"Umeanza lini?"

"Likizo iliyopita."

"Mara ngapi?"

"Tano. Labda sita."

"Kwa nini?"

Alijikuna shingo. "Utacheka."

"Sicheki tena. Nimekwisha."

"Nikivuta nasahau kama mimi ni mrefu."

Nilijiuma ulimi. Mungu ananiona, niliuma hadi nikasikia ladha ya damu. Mtoto huyu amegonga kichwa kwenye milango yote ya nyumba yetu, na ule wa choo ameugonga mara mbili kwa siku moja. Lakini uso wake haukuwa na mzaha, na nikaona kwamba hilo jina tunalomwita wote, nami nikiwemo, hajawahi kulipenda.

"Na tangu siku ya bahasha, umevuta?"

"Hapana."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja, mama. Nilishindwa kuvuta, nilishindwa kutupa. Nilitembea nayo tu."

Nikaamini. Alisema hayo akiwa anatazama vibanio vya nguo, lakini nikaamini. Jioni hiyo baba yake alipiga simu kutoka safarini, maana yeye ni dereva wa malori ya masafa, na nikamwambia kila kitu. Alinguruma kwa dakika nzima. Kisha akasema mpe simu. Nikampa. Nikatega sikio. Baba mtu alikohoa, akavuta pumzi, akasema, "Umekula?" Mtoto akasema ndiyo. "Haya. Msaidie mama yako." Akakata. Huyo ndiye simba wangu wa nyumba.

Ijumaa nilivaa gauni langu la kijivu, nikampigia Mlingoti shati pasi kwa mkono wangu, na saa nne kasorobo tulikuwa mlangoni pa chumba cha mikutano cha shule.

Mlango ulipofunguliwa nikaona watu saba wamezunguka meza, mbali na mwalimu mkuu na mwalimu wa nidhamu. Niliwatazama mmoja baada ya mwingine, na nikahisi miguu inapata nguvu.

Wote saba walikuwa wateja wangu.

Mwenyekiti wa bodi, bwana mnene mwenye suti nane, zote nazijua mishono. Mfamasia. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Mwalimu mstaafu wa hesabu. Wengine watatu sitawaeleza, mtawatambua. Wakanisalimu vizuri sana, kila mmoja akivuta nguo yake kidogo ikae sawa, kama watu wafanyavyo mbele ya dobi wao.

Mwalimu wa nidhamu akasimama. Alieleza alivyomkuta mtoto nyuma ya maabara akiwa amekaa peke yake wakati wa vipindi, na alivyompekua. Akamalizia kwa sauti nzito: "Waheshimiwa, wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Ushahidi ni huu. Naomba upite mkono kwa mkono."

Akampa mwenyekiti bahasha.

Laiti mngekuwepo! Mwenyekiti aliuona ule muhuri wa buluu, akaiachia haraka, akaisukuma kwa kidole hadi kwa mfamasia. Mfamasia akakohoa. Mwenye duka la ujenzi hakuigusa kabisa, aliifuata tu kwa macho ikipita mbele yake. Mwalimu mstaafu aliitazama, akanitazama, akaanza kufuta miwani. Kila mmoja wao anayo moja kama hiyo nyumbani, au aliwahi kuwa nayo, na kila mmoja alikuwa anajaribu kukumbuka ndani yake palikuwa na nini.

Mimi nakumbuka. Lakini hapa gazetini hamtaambiwa.

"Mama," mwalimu mkuu akasema, "una la kueleza?"

Nikasimama. Nikaeleza yote kama nilivyowaeleza ninyi: shangazi, mifuko, kutu, mkono. Nikasema mtoto hakuiba bahasha wala hakuuza kitu. Alidanganya kwa ajili ya kunifichia aibu mimi. Aliyeifunga ile bangi na kuigonga muhuri ni mama yake.

Mwalimu wa nidhamu hakuwa tayari kushindwa. "Yaani mama, kila unachokikuta mfukoni mwa mtu unamrudishia?"

"Kila kitu."

"Bila kuangalia ni nini?"

"Naangalia, mwalimu. Nisipoangalia nitajuaje kama kinaloa? Siku ile tu ndiyo nilipitiwa."

Viti vikalia. Mwenyekiti akatoa leso, na leso ile pia naijua.

"Na huwa unakumbuka?" mfamasia akauliza polepole.

"Dada yangu, mimi sisahau mfuko."

"Nadhani," mwenyekiti akadakia, "maelezo ya mama yanatosha. Yanatosha kabisa. Hakuna haja ya kuingia ndani zaidi."

Sita wakatikisa vichwa kukubali, kwa pamoja. Sijawahi kuona bodi inayokubaliana hivyo. Nikamtazama mwanangu aliyekaa kwenye kiti kidogo, magoti yamempanda hadi kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatano nikamwona anapumua. Nikajaa kichwa. Nikaona niongeze na pilipili.

"Tena," nikasema, "tangu siku hiyo mwanangu hajagusa. Alitembea nayo siku nne bila kuvuta hata mmoja. Hilo naliapia mbele yenu."

Mdomo huu! Shangazi alisema niuache nyumbani.

Mwalimu wa nidhamu alikuwa ameishika bahasha tena. Akaigeuza. Akaisogeza dirishani.

"Samahani, mwenyekiti. Huku nyuma kuna kitu kimeandikwa kwa penseli. Ni namba tatu." Akanitazama. "Tatu ni nini, mama? Mimi nilikuta misokoto miwili."

Mwenyekiti akaishusha leso.

Tatu ni idadi, ndugu zangu. Nikifunga bahasha huandika nyuma idadi ya vitu vilivyomo, asije mtu akanidai cha nne. Penseli yangu, mkono wangu, usioniuliza wala kunisubiri. Jumamosi mkono huo ulihesabu mitatu. Jumatano shule ikakuta miwili.

Nilitaka kumgeukia mwanangu nimtazame, nikaogopa nitakachokiona.

Mwenyekiti ndiye aliyenirushia kamba. "Pengine ni namba ya rafu, mama?" akasema kwa upole mkubwa. "Si mna rafu pale dukani? Rafu namba moja, mbili, tatu?"

Rafu ninazo. Zina namba. Ilikuwa ni kusema ndiyo tu. Neno moja, na tungekuwa nyumbani kabla ya chakula cha mchana. Watu saba walikuwa wananitazama wakiniomba niseme ndiyo, na mimi nikafungua mdomo, na siwadanganyi, nilikuwa naenda kulisema.

"Si namba ya rafu."

Mlingoti alikuwa amesimama. Alisimama haraka mno akagonga taa inayoning'inia juu ya meza, ikaanza kuyumba, na kivuli chake kikawa kinakwenda ukutani na kurudi. Hakuna aliyecheka.

"Ilikuwa mitatu," akasema. "Mmoja niliuchomoa upande usio na pini, nikauvuta Jumanne, baada ya shule, nyuma ya chumba cha pasi. Mama hakujua. Nilimwambia sijavuta. Nilimdanganya."

"Kijana," mwenyekiti akasema kwa huzuni ya kweli, "hukuulizwa."

"Ndiyo. Lakini yeye alikuwa anaulizwa."

Wakatutoa nje wajadiliane.

Kwenye korido kuna benchi la mbao. Tukakaa. Nilikuwa na hasira ya kuweza kukunja chuma. Nyuma ya chumba cha pasi! Hatua tano kutoka nilipokuwa nimesimama! Na papo hapo, chini ya hasira hiyo, nilikuwa na fahari iliyonijaa hadi kooni. Mtoto wangu alikuwa ameshikwa mkono na bodi nzima atoke mlangoni, na akakataa ili mimi nisiseme uongo. Vyote viwili vilikuwa vyangu na sikujua nianze na kipi.

Nikaanza na kofi. Dogo, la begani.

"Hilo ni la Jumanne."

"Sawa."

Kisha nikamvuta kichwa, nikakilaza begani kwangu. Ilibidi ajikunje mara tatu.

"Na hili la leo."

"Sawa, mama."

"Taa imekuumiza?"

"Kidogo."

Mlango ukafunguliwa. Mwalimu mkuu akatuita.

Karatasi ilikuwa mezani, imeshapigwa chapa, na kalamu juu yake. Mwenyekiti akaisoma bila kutazama watu. Kosa ni kuvuta, si kuuza. Mtoto atarudi darasani Jumatatu. Kila Alhamisi atakaa na mshauri wa shule. Moyo wangu ukaanza kucheza ngoma.

"Kwa sharti," mwenyekiti akaendelea. "Mzazi atapekua mifuko ya mtoto kila asubuhi. Chochote cha aina hiyo atakachokikuta atakileta mwenyewe shuleni siku hiyohiyo. Kikikutwa mara moja tu, mtoto ataondoka moja kwa moja, na hakutakuwa na kikao kingine. Mzazi asipotia saini leo, bodi itamfukuza leo."

"Umeelewa, mama?" mwalimu mkuu akauliza.

"Nimeelewa! Mifuko ndiyo kazi yangu!"

Watu wakacheka, hata mwalimu wa nidhamu. Nikanyakua kalamu kabla hawajabadili mawazo. Nikainama.

Mkono mrefu ukaja ukatua juu ya karatasi.

"Mama, usisaini."

Nikadhani anatania. Nikainua macho. Hakuwa anatania.

"Jumanne nilikuwa nimejiapiza sitavuta," akasema taratibu, kwangu mimi tu, kana kwamba wale watu hawapo. "Nilijiapiza Jumatatu usiku, na Jumanne nikavuta. Nikirudia, wewe ndiye utakayenikuta nayo, na wewe ndiye utakayenileta hapa. Mimi bado sijui kama naweza kuacha. Usisaini kitu nisichokijua."

Nikamwambia, "Toa mkono, mwanangu."

Hakuutoa. Mwalimu mkuu akatazama saa yake, kisha akanitazama mimi. Herufi ya kwanza ya jina langu nilikuwa nimekwisha kuiandika.